Shimo la Fuko Kwenye Tuta la Bwawa

Rundo la udongo mbichi lilikuwa juu kabisa ya tuta linalozuia maji ya bwawa, na mimi ninayetega fuko wanaochimba mashamba ya Endebess nzima sikuweza kulipita.

"Leo ni Jumapili, bana. Wacha kazi," mke wangu Everlyne aliniambia. Akashuka upande mkavu wa tuta, ambako watu wa kanisa letu walikuwa wametandika leso na kuwasha moto wa chai. Watoto walicheza mpira hapo hapo. Tulikuwa tumekuja kutembea tu, kuona maji.

Maji ya chai waliyateka kwenye chemchemi iliyochipuka chini ya tuta, upande huo huo mkavu, mwezi jana. Kila mtu aliiita baraka, maana ungeweza kuona kila changarawe ndani yake.

Nilipiga magoti, nikafukua lile rundo na kuingiza mkono shimoni hadi kwapani. Njia ya fuko huwa kavu siku zote. Hii ilikuwa baridi. Kisha nikahisi maji yakipita kati ya vidole vyangu, yakitoka bwawani na kuelekea kwa wale watoto. Udongo ulikuwa ukimeguka kiganjani mwangu.

Sikuthubutu kuutoa mkono; nikiutoa, tundu lingepanuka.

"Baba watoto!" Everlyne aliita kutoka chini, akicheka, sufuria mkononi. "Si ukuje uone! Ati nani amekoroga hii chemchemi? Maji imekuwa matope!"