Wacha Injini Ipate Joto

Gari aina ya Probox lilikuwa likinguruma uani muda mrefu bila kusogea, na Waithaka alilizunguka kama mtu aliyepoteza kitu. Julai hii pale Molo, umande ulikuwa umeganda juu ya majani ya viazi. Alifungua mlango, akaweka kiganja mbele ya tundu la hita, akaufunga. Hazikupita dakika mbili akaufungua tena.

Abby, binti yake, alitoka ndani na mfuko wa nguo za mama yake: gauni la buluu la kanisani, kitambaa cha kichwa, mafuta ya kujipaka.

"Baba, twende. Hii gari imenguruma mpaka majirani wameamka."

"Wacha ipate joto."

Abby alimtazama asiamini. Huyu ndiye baba aliyesifika mtaa mzima kwa ubahili wa petroli. Asubuhi za baridi, Wangeci, mkewe, alikuwa akikaa kiti cha mbele meno yakigongana, akimwomba angoje kidogo hita ishike, naye Waithaka ana somo lake lile lile: injini za siku hizi hazitaki kupashwa. Nusu dakika yatosha, kisha unaondoka polepole, injini itapata joto njiani. Gari likinguruma limesimama linakunywa petroli na kwenda kilomita sifuri.

"Jifunike shuka, Mama Abby," alikuwa akimwambia, huku ameshatia gia. Wangeci alikuwa akicheka, akisugua mikono. Hata kifua kilipoanza kumbana, somo halikubadilika.

Leo mshale wa petroli ulikuwa ukishuka na yeye hata hautazami.

"Baba, si ni wewe ulinifundisha? Tutaishiwa kabla tufike Njoro."

"Tutaweka ingine. Mama yako hapendi baridi, Abby. Unajua hapendi."

Abby aliukumbatia ule mfuko wa nguo. Akageuza uso upande wa shamba.

Waithaka alikuwa amelaza viti vya nyuma na kutandika godoro jembamba, ili mkewe asirushwerushwe na mashimo ya barabara. Juu yake aliweka blanketi. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Ng'ambo ya ua, wanawake wa kanisa walikuwa wameshaanza kumenya viazi, na wanaume walikuwa wakipanga viti vya kukodi. Jirani yao Jepkemboi alikuja akipangusa mikono kwenye leso.

"Baba Abby, kwani bado? Watu watajaa hapa. Mleteni mapema, kila mtu anataka kumwona."

"Tunaenda, Mama. Tunaenda sasa."

Walipita Elburgon, wakapita Njoro, madirisha yamefungwa na hita imefunguliwa hadi mwisho. Jasho lilimtiririka Abby shingoni, lakini hakugusa kioo. Kila lori lilipowazuia mbele, Waithaka aligonga usukani kwa vidole, akachungulia kulia, akarudi kwenye mstari wake.

"Amengoja sana," alisema. "Amengoja sana mahali pale."

"Tumekaribia, Baba."

Nakuru ilikuwa imeamka na msongamano wake. Kwenye mzunguko alipiga honi, jambo ambalo Abby hakuwahi kumwona akilifanya, kisha akamwomba msamaha dereva wa mbele ambaye hangeweza kumsikia.

Getini pa hospitali, askari alimwonyesha maegesho ya wageni, karibu na wodi.

"Asante, boss. Napajua," Waithaka alijibu, akapita maegesho, akazunguka jengo hadi nyuma, akarudi kinyumenyume mpaka mbele ya mlango mpana wa chuma. Abby alishuka na ule mfuko. 

Ndani, mhudumu mwenye viatu vya gambuti na aproni ya mpira alivuta droo ndefu ya jokofu la ukutani, akafunua shuka upande wa kichwa.

"Ni yeye, mzee?"