Ukurasa wa Mbele wa Bwana Tạc

Waliohudhuria walikuwa wanne: Bi Nhàn, mkuu wa idara ya riwaya, aliyeongoza kikao, Bwana Khiêm, naibu wake, Bi Thoa, msahihishaji wa miswada, aliyeandika kumbukumbu, na Bwana Tạc, fundi saa wa Hà Đông, ambaye mswada wake ndio ulioitishiwa kikao. Watatu wa kwanza walikaa upande mmoja wa meza. Bwana Tạc alikaa peke yake upande wa pili, na hakuna aliyemmiminia chai.

"Takataka," alianza Khiêm, akausukuma mswada mpaka ukamgonga mwandishi kifuani. "Kurasa mia nne za takataka."

Bi Nhàn aliurudisha katikati, akaunyoosha sambamba na ukingo wa meza. Hakupenda karatasi zilizokaa upande. Nje, manyunyu ya Machi yalikuwa yameingia siku ya tano, na vigae vya sakafu vilitoka jasho kiasi kwamba hakuna aliyejisumbua tena kuvipangusa.

Riwaya yenyewe ilihusu dunia iliyo sambamba na hii. Ustaarabu wa huko, uliokwisha kuikausha mito yake, ulikuwa ukivusha watu wake kuja Hanoi, mmoja baada ya mwingine. Kila aliyevuka alitwaa sura ya mtu wa huku na kukaa mahali pake, naye mwenye sura alijikuta kule kwenye ukame. Fundi saa mmoja aligundua jambo hilo katika mlo wa kumkumbuka marehemu baba mkwe wake. Mkewe, aliyelelewa kumkaribisha chakula kila aliyemzidi umri kabla ya kugusa vijiti vya kulia, aliketi, akachukua paja la kuku, akala.

"Hapo ndipo uliponichosha," alisema Khiêm. "Watu wanaovuka dunia hadi dunia, wewe unawafanya majuha wasiojua kusema karibu bibi, karibu mjomba. Nani atakuamini?"

"Siku hizi wamejifunza, mdogo wangu," Tạc alijibu taratibu. "Soma sura ya saba. Wanakaribisha, ila wanafuata vyeo, hawafuati umri. Mkurugenzi kijana anakaribishwa kabla ya shangazi yake."

"Mimi si mdogo wako."

Kalamu ya Thoa ilisimama. Bi Nhàn alimkazia Khiêm macho mpaka akainama, kisha akamwomba mwandishi radhi kwa niaba ya idara. Yeye alikuwa ameusoma mswada mara tatu, kalamu nyekundu mkononi, na hakupata mahali pa kusahihisha. Alipomwambia hivyo, fundi saa alilegeza mabega kama mtu aliyepewa kiti baada ya kusimama kutwa.

Kilichobaki kilikuwa ukurasa wa mbele. Kabla ya sura ya kwanza Tạc alikuwa ameweka ukurasa mmoja wenye jina lake na anwani yake. Ulitamka kwamba mambo haya yametokea; kwamba mkewe, Ngát, hajaonekana tangu mlo ule, mwaka wa tatu sasa, ingawa mwanamke mwenye uso wake bado anapika jikoni; na kwamba yeyote aliyebadilishiwa mtu wake amwandikie. Alieleza kuwa alikwenda polisi, wakamwuliza alikuwa amekunywa nini. Alikwenda kwenye magazeti mawili, wakamcheka. Ndipo akaandika riwaya. Wakikutana hata kumi, alisema, watakitafuta kivuko na kuwarudisha watu wao.

Khiêm alitaka ukurasa huo utupwe, mswada wote ufuate, na mwandishi apelekwe akapimwe akili. Aliyasema hayo bila kumtazama, kana kwamba anazungumzia kiti kibovu.

Thoa aliuliza kama kuna yeyote aliyekwisha kumwandikia.

"Bado," alisema Tạc. "Wataanza kitabu kikitoka."

"Bwana Tạc," alisema Bi Nhàn, "nitakutetea, lakini na wewe unisaidie. Riwaya itoke bila ukurasa huu. Msomaji akianza kwa kucheka hafiki sura ya saba. Akiichukua kama hadithi ataimaliza, na aliyepoteza mtu wake ataelewa bila kuambiwa."

"Na anwani yangu, dada? Watanipataje?"

"Barua za wasomaji huletwa hapa. Nitazifungua mimi mwenyewe, moja moja."

Tạc alipapasa ukingo wa karatasi kwa vidole. Mwishowe aliuchomoa ukurasa, akamkabidhi Bi Nhàn kwa mikono miwili, akatia saini mkataba. Alimwambia kwamba kwa miaka mitatu hii hakuna mwingine aliyemsikiliza kama binadamu. Macho yake yalikuwa yamelowa. Bi Nhàn alimsindikiza hadi ngazini, akamwonya asiteleze kwenye vigae, akarudi na kufunga mlango.

"Tungeuchoma mswada wote, yakaisha," alinung'unika Khiêm.

"Ataandika mwingine, na huo atampa mtu mwingine."

Bi Nhàn aliuchana ule ukurasa vipande vinne, akavipanga kimoja juu ya kingine mpaka pembe zikalingana. Kisha akatangaza uamuzi polepole, ili Thoa aweze kuuandika.

"Ichapishwe nakala elfu ishirini, jalada lenye sahani inayoruka, isambazwe hadi vibanda vya stesheni. Baada ya hapo, mtu wa dunia hii akimgundua mmoja wetu, wenzake watamwuliza tu amefika sura ya ngapi."