Mwendo wa Feni

Mama alimpa fundi kompyuta ya marehemu mwanawe. Kila alipoiwasha aangalie picha zake, ilizimika. Fundi aliifungua, akagusa kadi ya picha, kile kipande kinachochora picha kwenye skrini, akautoa mkono upesi.

"Inaunguza, mama. Lakini feni ni nzima."

Alichomoa unywele mmoja uliojisokota kwenye feni, akauweka mezani. Mama akaufunika kwa kiganja.

Fundi akaingia kwenye mipangilio. Feni ilikuwa imefungiwa mwendo wa asilimia ishirini, isipande hata joto likizidi. Mpangilio huo ulikuwa umepewa jina, naye akalisoma taratibu: "Mama amelala."

Akatabasamu. "Alikuonea huruma, isikupigie kelele."

Mama akatikisa kichwa.

"Sikuwa nikilala. Alikuwa mgonjwa, na kati yetu ni ukuta tu. Feni ikivuma, najua yuko macho, naenda kumtazama. Ikinyamaza, najua amepata usingizi."

Fundi aliacha kutabasamu.

"Wiki ile ya mwisho sikuisikia kabisa," mama alisema. "Nikasema afadhali, mwanangu anapumzika. Nikamwacha."

Fundi akairudia mipangilio. Akapandisha mwendo. Feni ikaanza kuvuma, na mama akainuka kwenda kumtazama mwanawe.