Maganda ya Parachichi

Chausiku, mke mpya wa kitinda mimba wa nyumba ile, alimenya maparachichi ya chakula cha mchana, akayamwaga maganda bandani akidhani amewakirimu kuku. Kesho yake asubuhi tetea wawili walikuwa wamekufa, na wa tatu amejikunyata pembeni, kichwa kimeinama.

Baba mkwe wake, Mzee Shomvi, aliokota ganda lililodonolewadonolewa.

"Nani kawapa kuku parachichi?"

Kabla Chausiku hajafumbua mdomo, mama mkwe wake, Bi Tatu, alijibu huku akisugua sufuria, "Ni mimi. Nilighafilika."

Mzee alimtazama mkewe kwa muda. Mwanamke huyu alifuga kuku tangu usichana wake, na hata ganda la kiazi kilichogeuka kijani hakuliacha liangukie bandani. Mzee alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba kuchimba shimo.

Wanawake wakaingia bustanini.

"Mchicha wape, kabichi wape, boga wape pamoja na mbegu zake," Bi Tatu alisema akichuma, bila kuinua uso. "Parachichi na majani ya nyanya, usiwape kamwe."

"Mama, kwa nini ume..."

"Chuma, mwanangu. Jua linapanda."

Chausiku akachuma, machozi yakimdondokea mikononi. Kisha alirudi bandani, akachutama mbele ya yule tetea mgonjwa, akamnyooshea jani moja la mchicha. Kuku alifumbua jicho, akalitazama.