Punje Tano

Siwema, mshauri wa wenye majonzi, alikuwa amefika sentensi ya sita kwenye karatasi ya kupima jinsi mtu anavyojiona: "Mimi ni mtu mwema."

Mama aliyekaa naye mkekani akatia kikombeni punje tano za mahindi, kipimo cha juu kabisa, kama alivyofanya kwa sentensi zote.

"Mama, usinijibu kama salamu. Si kila kitu alhamdulillahi."

"Nikipunguza si nitakufuru? Soma, mwanangu." Akazimwaga punje mkekani.

Siwema akasoma ya saba: "Watu wanaweza kunitegemea."

Mama akaokota punje moja, akaizungusha kiganjani. Kisha akakunjua kidole chake cha mwisho cha kushoto, akakitazama kama cha mtu mwingine.

"Siku tuliyoukimbia mji wetu wa Palma, binti yangu alinishika hiki. Mgongoni nina mdogo wake, kichwani nina unga. Akajikwaa, na wale waliotuvamia wako nyuma yetu. Nikakichomoa kidole. Unga sikuutupa."

Akatia punje kikombeni, akaitoa. Akaitia tena, akaitoa.

Siwema akafunga kalamu. "Zilizobaki tutazimaliza kesho, mama."

"Kesho usianze na hii," mama akasema, kikombe kitupu kikiwa bado mkononi mwake.