Sura ya Tatu

Zama hizo, aliyetimiza miaka arobaini alilazimika kuandika maisha yake bila kuficha kitu. Serikali ilibadilisha majina, kisha ikachagua vitabu vya kusomwa sekondari. Mwajabu aliandika chake, akaamini kimeozea stoo.

Jumamosi moja alikuwa akivifunika kwa karatasi za kaki vitabu vipya vya bintiye, Kidawa, wa kidato cha tatu. Alipofungua cha nne, moyo ukamlipuka paa! Majina yalikuwa mageni, lakini maneno yalikuwa yake: mwanamke asiyejaliwa mtoto, jirani wa wodini aliyefia uzazini, na kichanga chake kilichotoroshwa ndani ya khanga yenye alama ya kuungua kwa pasi.

"Hicho niachie, mama," Kidawa alisema. "Mwalimu anakisifu mno."

"Umefika wapi?"

"Sura ya pili. Maskini, bado anahangaika kwa waganga."

Mwajabu akamalizia kukunja karatasi ya kaki kwenye jalada. Akampa kitabu.

Kidawa akajinyoosha kwenye kochi, akajifunika miguu kwa ile khanga yake ya tangu utotoni, akafungua sura ya tatu. Alama ya pasi ilikuwa juu ya goti lake, chini kidogo ya kitabu.