Kiti Kilichosogezwa Mbele

Baba alipoingia kwenye gari ili mnunuzi asikie injini, magoti yake yaligonga usukani. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa.

Gari hilo kuukuu lilikuwa limekaa uani miezi saba. Baba alikuwa akienda kazini kwa basi, akaona heri liuzwe.

"Nani amekaa hapa?" aliuliza.

Mama alitazama juu kana kwamba kuna ndege anapita. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu. Kila alasiri, Baba akiwa kazini, nilikuwa nikiliendesha kutoka mlangoni hadi kwenye kamba ya nguo, kisha nalirudisha kinyumenyume. Kumwambia kwamba nalitaka ndiko kulikonishinda.

"Mimi, Baba." Sauti ilitoka nyembamba kama uzi.

"Na aliyekufundisha?"

"Mimi hapa," alisema Mama. "Ulidhani zile shuka za kwenye kamba zilijiangusha zenyewe?"

Baba alicheka mpaka tumbo likabonyeza honi. Akajikwamua, akazunguka upande wa pili, akaketi na kufunga mkanda.

"Samahani sana, ndugu yangu," alimwambia mnunuzi. "Hebu tufungulie geti, dereva anatoka."